Nyumba ya Mama Jofrey Imekauka

Mama Rehema,

Nyumba ya Mama Jofrey imekauka. Humjui. Ni mtu wa mvua hizi, ambazo wewe hukuziona. Nimetoka kwake leo mchana nikiwa na jambo zito la kusimulia, nimetembea pembeni ya foleni ya malori mpaka nyumbani, nimefungua mlango, nikakuta sina wa kumsimulia. Ndiyo maana nimekaa mezani naandika. Mvua inapiga bati kiasi kwamba hata ungekuwepo ningelazimika kupaza sauti.

Ulikufa kiangazi. Kiangazi kazi yetu hulala, na wewe kila mwaka ulikuwa ukienda kwenu Igamba kuwasaidia ndugu zako kuchuma kahawa. Kwa hiyo tulipokuzika huko huko, na watu wakatawanyika kila mmoja na shughuli zake, mimi nilirudi Tunduma nikawa najidanganya. Nikajiambia Mama Rehema yuko kwenye kahawa. Atarudi mawingu yakianza kupanda upande wa Zambia, kama siku zote, na mfuko wake wa maharage na maneno mengi. Nilipika, nilifagia, nilikwenda kanisani. Sikulia sana. Watu wakasema Esta ana moyo mgumu.

Mawingu yakapanda. Hukurudi. Hapo ndipo nilipofiwa.

Nyumba ya kwanza mwaka huu ilikuwa stoo ya yule mama wa Nakonde anayeuza vitenge, yule uliyekuwa ukimsalimia kwa Kibemba chako cha sokoni mpaka anacheka na kushika mbavu. Nilifika na makarai na viroba, akachungulia nyuma yangu kuona kama unakuja. Akauliza mwenzangu yuko wapi. Nikamwambia. Akasema "Mayo, mayo," akajifunika uso kwa upande wa kitenge chake, mimi nikasimama pale kwenye maji sijui niweke wapi mikono. Na hivyo hivyo nyumba iliyofuata, na iliyofuata. Kila mlango wanakuulizia, na mimi nakuzika upya. Kuna mahali nilichoka nikasema umesafiri. Nisamehe.

Kazi yenyewe naiweza, usiwe na wasiwasi. Nakata umeme kwanza, ndipo namruhusu mtu kukanyaga ndani. Natoa maji, halafu tope likiwa bado bichi, kabla halijawa saruji. Vitu naviweka mafungu matatu kama tulivyozoea: cha kuanika, cha kuosha na dawa, cha kutupa. Lakini godoro lililolowa, Mama Rehema. Godoro lililolowa halibebwi na mtu mmoja. Mimi na wewe tulikuwa tukilikunja na kuligeuza mlangoni bila kusemezana, wewe unarudi nyuma kinyumenyume, mimi nasukuma, kona tunaikata kama watu wanaocheza ngoma moja. Sasa namwita Ezekia, yule wa kukodisha pampu, anayelalamikia mgongo kabla hujamsalimia. Ana nguvu kuliko wewe. Lakini lazima nimwambie kila hatua: inua, shusha, kushoto, si huko. Siku ya kwanza tulikwama mlangoni na godoro likitumwagikia maji machafu miguuni, nikaacha kusukuma. Ezekia akadhani nimechoka.

Wewe ulikuwa mdomo, mimi nilikuwa mikono. Tuligawana hivyo tangu ile mvua iliyoingia kwenye vyumba vyangu vya kupanga, ulipokuja na ndoo bila kuitwa, ukanikuta nimesimama katikati ya maji nimekumbatia mto wa kulalia. Tulipomaliza kwangu, jirani akatuomba. Kisha jirani wa jirani. Mvua za mwaka uliofuata mwenye nyumba ya wageni kule barabarani akatuma mtu awatafute "wale kina mama wa mafuriko", na jina likakaa, na kazi ikawa kazi. Tukanunua mabuti, glavu na barakoa. Tukajifunza kwamba lipu iliyolowa haiponi, inabanduliwa, na kwamba ukuta haupakwi rangi kabla haujakauka hata mwenye nyumba akikupigia magoti, maana fangasi hawajui haya, watatokeza tena mbele ya wageni.

Lakini hayo yalikuwa yangu. Yako yalikuwa yale ya kabla. Unaingia, hugusi kitu, unatafuta chochote kilichobaki kikavu unakaa na mwenye nyumba, unamwuliza taratibu, "Haya, mama, maji yaliingilia wapi?" Naye anaanza. Anaeleza maji, anaeleza usiku ule, anaeleza ndoa yake, anaeleza shamba. Mimi nimesimama mlangoni na chepe begani, naona unachelewesha kazi. Kisha mtu yule yule aliyekuwa hawezi kunyanyua kijiko anasimama, anachukua ufagio.

Sikujua kwamba ile nayo ilikuwa kazi. Nilidhani ni tabia yako tu.

Sasa nikwambie habari za Mama Jofrey.

Jirani yake ndiye aliyenipigia simu. Alisema kuna nyumba kule bondeni inanuka mpaka kwake, na mwenyewe hataki iguswe. Watoto wawili wanalala kwake huyo jirani, mdogo ana kikohozi kisichosikia dawa, na mama yao kutwa anashinda mlangoni kwenye tope. Nikaenda na Ezekia na pampu. Tulimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa kitenge kilichoganda tope. Baadaye jirani aliniambia ndicho alichokuwa amekivaa siku ya maji. Alikuwa akikivua kwenda kulala na kukivaa tena asubuhi.

Kabla sijamaliza salamu akasema, "Msiguse kitu. Baba Jofrey aje aone."

Mume wake ni dereva wa malori ya Kongo. Alikuwa huko mbali, ng'ambo ya Zambia yote, na hakuna aliyejua atarudi lini. Nikachungulia ndani. Chumba cha nyuma maji yalikuwa bado yamesimama. Sebuleni tope lilikuwa limeanza kupasuka, na kwenye pembe za kuta weusi umeshaanza kupanda. Nyumba yenyewe ni ya tofali za kuchoma, si mbaya, lakini nyumba yoyote ukiiacha hivyo inajila yenyewe.

Nikafanya kama wewe. Nilichuchumaa mbele yake, nikamwuliza maji yaliingilia wapi. Mama Rehema, kinywani mwako lile lilikuwa swali la ndugu. Kinywani mwangu lilitoka kama la askari. Alinitazama kidogo, akajibu, "Si unaona mwenyewe?" Nikasimama. Ezekia akakohoa. Tukabeba pampu yetu tukaondoka, na njia nzima nilikuwa nimekukasirikia wewe, kwamba umeondoka na maneno yote, hukuniachia hata moja.

Nilikaa na hilo. Kila nikipanga nitakachokwenda kumwambia, nilisikia ni sauti yako, na nilijua ikitoka kwangu itaharibika. Mwisho nikaacha kupanga. Nikaenda asubuhi moja mvua ilipopumzika, peke yangu, bila chepe, bila Ezekia, mabuti tu miguuni. Nikamwambia sikuja kusafisha. Nimekuja anionyeshe.

Aliitazama mikono yangu mitupu. Halafu akanyanyuka, akatangulia.

Alinipeleka mlango wa nyuma. Pale ndipo maji yalipogonga, alisema, kama mtu. Aliuegemea mlango kwa mgongo huku anampigia mumewe, naye mume alikuwa kwenye foleni mpakani huko Kongo, akamjibu kwamba Tunduma ni mlima, maji hayakai, yatatoka yenyewe, asiwatishe watoto. Simu bado iko sikioni, mlango ukaachia. Akanionyesha kabati alilompandishia Jofrey, likayumba, akamshusha, akampandisha kwenye ukingo wa dirisha na kumwambia ashike nondo asiachie. Akanionyesha aliposimama yeye na yule mdogo mabegani, maji yanamfika chini ya matiti, baridi, na yana uchafu wa vyoo vya mtaa mzima. Alisimama pale mpaka jirani na wenzake walipong'oa nondo za dirisha na kuwapokea watoto. Simu ilikuwa chini ya maji. Mumewe alikuja kupiga kwa jirani, akaambiwa wote wako hai, akasema Mungu mkubwa, akaendelea na safari ili ashushe mzigo.

Hakumsema vibaya. Alisema ni mume mwema, hanywi, watoto wanakula. Kisha akaniambia kile kilichokuwa kimemkalisha kwenye ndoo siku zote hizo.

"Akikuta pasafi atasema, si nilikwambia, yatatoka yenyewe."

Nilitoa simu yangu nikasema tupige picha, zitabaki. Akatikisa kichwa. Picha, alisema, ataipitisha kwa kidole tu.

Hapo nilikuhitaji kuliko siku ya mazishi. Ungejua la kusema. Ungemshika goti. Mimi nilikuwa na maneno yangu tu, machache, na mikono. Nikaweka kiganja ukutani, pale mstari wa maji ulipokatisha sebule nzima. Nikamwambia, "Nimeona. Yalifika hapa. Siku akija uniite, nitasimama hapa hapa nimwambie."

"Utakuja kweli?"

"Nitakuja."

Alinitazama mabuti, kisha akautazama mkono wangu ukutani. Akatoka mpaka mlangoni, akaigeuza ile ndoo aliyokuwa akiikalia, akarudi nayo ndani, akainama akaanza kuchota.

Tulifanya kazi naye bega kwa bega, Ezekia akaja na pampu akavuta maji ya chumba cha nyuma. Kilichomwuma zaidi si makochi wala kabati. Ni mahindi. Mahindi ya shamba lake la Mbangala, aliyolima yeye kwa jembe, yalikuwa yameota ndani ya magunia, yameshikana, yananuka pombe. Alitaka tuyaoshe. Nikamwambia hapana, hayo hayafai hata kuku, na nilimwambia hivyo kavu kavu kama ninavyosema siku zote, nikajutia. Lakini aliitika, akayabeba mwenyewe karai kwa karai mpaka shimoni, hakutaka kusaidiwa.

Kisha lipu. Tuliibandua kuanzia chini mpaka juu ya mstari, tukasugua tofali kwa dawa ya klorini, tukafungua madirisha yote, na kuta zikaachwa zipumue. Unajua jinsi kusubiri kulivyo. Niliwaambia waendelee kulala kwa jirani. Nikawa napita kila baada ya siku chache kupima kuta kwa mgongo wa mkono. Kusema kweli hakukuwa na haja ya kupita mara zote hizo. Ananichemshia chai, tunakaa, hatuongei sana. Siku ile ya kubandua lipu tulikuwa tukigonga pamoja, yeye na nyundo, mimi na patasi, akaniuliza kama jirani alisema kweli, kwamba zamani tulikuwa wawili.

Nikaanza na jibu lile fupi. Sijui kilichotokea. Nikajikuta naeleza miguu yako ilivyovimba ukakataa kusema, ukavaa mabuti makubwa ya Ezekia na kudai ndiyo mtindo. Nikaeleza safari ya hospitali Mbeya, ulivyomtania muuguzi kwamba wodi yao ina fangasi pembeni ya dirisha na kama wanataka utawapa bei nzuri. Nikaeleza asubuhi ile niliyotoka kukununulia uji. Nilirudi na uji, wakanipokea mlangoni. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu kuhusu uji. Nilinyamaza hapo, nikasubiri aseme pole kama wanavyosema wote.

Hakusema pole. Alisema, "Endelea."

Nikaendelea mpaka lipu ya ukuta mzima ikaisha.

Leo asubuhi akanipigia kwa simu ya jirani. Baba Jofrey amefika. Nilivaa kitenge safi na viatu vya kanisani, nikashangaa nakifunga na kukifungua kile kitenge, mimi ambaye nimeshika nyoka kwenye makabati ya watu. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, mtu mpole, macho mekundu ya barabara. Akasimama, akaniamkia, nikaitikia. Akashukuru sana kwa kazi. Akazungusha macho sebuleni, kuta zimepigwa lipu upya na chokaa, sakafu imesuguliwa, upepo unapita vizuri. Akasema, kwa furaha kabisa, hakuwa na ubaya moyoni, "Mbona nyumba nzuri tu. Mimi nilidhani ni balaa."

Mama Jofrey akainamisha uso. Kisha akaninyanyulia macho.

Mama Rehema, sijawahi kusema mbele ya mwanaume wa mtu ndani ya nyumba yake. Unanijua. Nilisimama nikaenda ukutani, nikaweka mkono pale. Mstari haupo tena lakini mkono unapajua. Nikamwambia yalifika hapa. Nikaanzia mlango wa nyuma. Nilieleza alivyouegemea. Nilipofika kwenye simu akaanza kusema hakujua kwamba wakati ule ule mlango ulikuwa unaachia, na mimi sikusimama, kwa sababu ningesimama nisingeweza kuendelea. Nikaeleza kabati, dirisha, nondo, mtoto mabegani. Nikaeleza mahindi yalivyoota. Nikaeleza kitenge. Sikupaza sauti na sikupamba. Nilieleza kama nilivyokuta na kama nilivyoonyeshwa, nikamaliza, mkono bado uko ukutani.

Aliutazama mkono wangu. Kisha akamwita Jofrey aliyekuwa akicheza nje. Mtoto akaja anakimbia na matope miguuni. Baba yake akamsimamisha, mgongo ukutani, chini ya mkono wangu.

Mkono wangu ulikuwa juu ya kichwa cha mtoto.

Yule mwanaume aliangalia ile nafasi iliyobaki kati ya nywele za mwanawe na kiganja changu. Akapiga magoti pale sakafuni, akamshika Jofrey mabega, akasema, "Mama Jofrey." Na Mama Jofrey, ambaye sijawahi kumwona akidondosha chozi, si kwa mahindi, si kwa chochote, akalia. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyeambiwa sasa hivi kwamba ameokoka.

Nikatoa mkono wangu taratibu. Nikatoka nikarudishia mlango.

Nilikuwa nimeshafika njiani aliponifuata, peku, macho yamevimba. Alisema Jumapili baada ya ibada nije tule. Nikasema nitakuwa na kazi. Sina kazi Jumapili, Mama Rehema, sijawahi kuwa na kazi Jumapili. Ndivyo tu mdomo ulivyozoea kujibu mtu anaponifungulia mlango. Alisema haya, akageuka akarudi, na mimi nikashika njia ya malori.

Nimepika ugali mdogo nikala nusu. Rehema wako alikuwa akinipigia simu kila wiki, sasa ni mara moja moja. Simlaumu. Ana watoto, na akinisikia anakusikia wewe. Hapa ndani sauti inayoongea ni ya redio. Zamani tukitoka kazini, hata mabuti hatujavua, umeshaanza kusimulia yale yale tuliyotoka kuyaona wote wawili, na mimi nakwambia, nilikuwepo. Nawe unajibu ndiyo, lakini sikiliza. Nilidhani unapenda tu maneno. Leo nimejua mtu anaweza kuwa kwenye jambo na bado akahitaji mwingine aseme kwamba liliwahi kuwepo.

Basi nami naliandika hili: uliwahi kuwepo. Ulikuwa na mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine, uliimba vibaya, ulishika upande mzito wa godoro kila mara na kudai ni mwepesi. Mimi niliona.

Pumzika, ndugu yangu. Sitakuita tena kila mvua ikianza. Kazi sitaiacha, nitaingia kwenye nyumba za watu na maneno yangu haya machache, nione yanakonifikisha. Na kesho nitampigia yule jirani ampe Mama Jofrey simu, nimwambie kazi ya Jumapili imeahirishwa.

Nitakwenda. Nitakaa kwenye mkeka wao, nitakula watakachopika, na nakuahidi sitaangalia kuta.

Wako,
Esta